Kikosi kipana cha raga: mwongozo kamili wa kuhesabu nafasi, kulea wachezaji wa akiba na kusajili

Timu nyingi za raga hujiona zina kikosi kipana kwa sababu mazoezini wanakuja watu arobaini. Hesabu hiyo inadanganya. Wapange hao arobaini kwa namba za jezi, na mara nyingi utakuta kumi na wawili wanagombania nafasi za winga na senta (mabeki wa pembeni na wa katikati), maflanka (namba 6 na 7) wamejaa tele, na mapropu wa kulia (namba 3, mstari wa mbele) wapo wawili tu, mmoja wao goti limefungwa bandeji tangu mwezi uliopita. Hiyo ni timu yenye watu wengi na kikosi chembamba.

Kwenye raga si kila mtu anaweza kuziba pengo popote. Winga akiumia, senta anasogea pembeni na mechi inaendelea. Propu akiumia na hakuna mwingine aliyefundishwa kazi yake, mchezo wenyewe unabadilika, na ukilazimisha, mtu anaweza kuvunjika shingo. Kwa hiyo upana wa kikosi cha raga naupima kwa mtu wa tatu katika nafasi ngumu: namba 1 na 3 (mapropu), 2 (huka), 9 (skramu-hafu) na 10 (flai-hafu). Huyo mtu wa tatu akiwepo na akiwa tayari, nafasi nyingine zitapata mtu.

Kuna sababu nyingine inayonifanya nilishikilie jambo hili: kikosi chembamba kinaumiza watu. Kocha asiye na huka wa pili atajikuta anamwuliza huka aliyegongwa kichwa kama anaweza kuvumilia kidogo. Katika raga ya klabu za kawaida, anayeshukiwa kupata mtikisiko wa ubongo anatoka uwanjani palepale na harudi siku hiyo. Katika ngazi za juu kuna uchunguzi wa dakika 12 nje ya uwanja, unaofanywa na madaktari waliosomea kazi hiyo. Wewe na chupa yako ya maji huna uwezo huo. Ukiwa na mtu wa kuingia, uamuzi unakuwa mwepesi na mchezaji anapelekwa kwa daktari.

Hatua ya 1: Anza na mstari wa mbele

Sheria za World Rugby, chombo kinachoongoza raga duniani, zinafungamanisha ukubwa wa kikosi cha siku ya mechi na idadi ya watu wanaoweza kucheza mstari wa mbele, yaani propu wa kushoto, huka na propu wa kulia. Ukiorodhesha wachezaji 15 au pungufu, lazima wawepo watatu. Ukiwa na 16 hadi 18, wanne. Kuanzia 19 hadi 22, watano. Ukitaja 23, lazima wawe sita, ili kila nafasi iwe na mbadala wake. Ligi yako inaweza kuwa na marekebisho, hasa kwa vijana na madaraja ya chini, kwa hiyo soma kanuni za mashindano kabla hujaandika jina lolote.

Wengi huishia hapo: tunao sita, tumemaliza. Lakini sita ni wa Jumamosi moja. Chukua dakika ya 50. Propu wako wa kulia anatoka akichechemea, anaingia wa akiba. Baada ya skramu mbili (pale mafowadi wa pande mbili wanapofungana na kusukumana kuugombea mpira) wa akiba naye anashika shingo na daktari anamtoa. Mwamuzi anamfuata nahodha na kuuliza kama yupo mwingine aliyefundishwa kucheza namba 3. Jibu likiwa hapana, zinaitishwa skramu zisizo na ushindani: mafowadi wanane (namba 1 hadi 8) wanafunga kila upande kama kawaida, lakini hakuna kusukumana, na timu inayoingiza mpira ndiyo inayoupata. Kama skramu ilikuwa ndiyo silaha yako, imekwisha. Na pale kikosi kilichotajwa ni cha 23, au waandaaji wameamua hivyo, mchezaji ambaye kutoka kwake ndiko kumeleta hali hiyo hapati mbadala. Mnamaliza mkiwa 14.

Yapo mambo mawili madogo ambayo makocha wapya hawayajui. Propu akipewa kadi ya njano anakaa nje dakika 10, na ili propu wa akiba aingie kucheza skramu, mchezaji mwingine lazima atoke. Amueni kabla ya mechi ni nani atakayetoka. Kuanza kubishana mbele ya mwamuzi ni kupoteza utulivu wa timu nzima. La pili: propu uliyempumzisha kwa mbinu tu anaruhusiwa kurudi kumbadili mwenzake wa mstari wa mbele aliyeumia. Mwambie asivue viatu.

Kwa msimu mzima nahesabu mapropu wa kulia watatu, wa kushoto watatu na mahuka watatu. Mmoja kati ya hao akimudu nafasi mbili kwa uhakika, anaweza kukuokolea jina moja, si zaidi.

Hatua ya 2: Chora jedwali la namba

Chukua karatasi kubwa. Upande wa kushoto andika namba 1 hadi 15, kisha tengeneza safu tatu: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mbele ya kila jina weka neno moja. "Leo" maana yake unaweza kumwanzisha kesho bila wasiwasi. "Benchi" maana yake anamudu dakika ishirini za mwisho. "Bado" maana yake anajifunza. Kuwa mkweli hapa, kwa sababu jedwali likijazwa kwa huruma halikusaidii kitu.

Kuna kosa linaloharibu majedwali mengi: jina la mtu wa kwanza wa nafasi moja kuandikwa kuwa wa pili wa nafasi nyingine. Ukimtoa namba 6 wako kwenda kucheza namba 4, umeziba tundu moja na kutoboa jingine. Ruhusu jina kurudiwa mara moja tu, na kila unapolirudia lizungushie duara. Ukimaliza, yahesabu maduara. Yakizidi manne, kikosi chako ni chembamba kuliko unavyodhani.

Kisha ongeza jambo ambalo kwenye klabu za kujitolea hukata kikosi kuliko hata majeraha: nani atakuwepo. Zamu za kazini, mitihani, mtoto mchanga nyumbani, safari. Waulize wachezaji kabla msimu haujaanza, mwezi kwa mwezi, na uandike. Loku wawili (namba 4 na 5) wanaofanya mtihani wiki moja ni majeruhi wawili unaowajua mapema.

Chini ya jedwali hilo chora la pili, la kazi zisizo na namba ya jezi: mpigaji wa penalti na konveshoni (mkwaju wa baada ya trai, yaani bao la kugusisha mpira chini), anayeita lainauti (mpira unaorushwa kutoka pembeni ya uwanja kwa warukaji), anayerusha lainauti, anayepanga ulinzi, nahodha. Timu inaweza kuwa na maflai-hafu watatu na mpigaji mmoja. Inaweza kuwa na maloku watano, lakini mmoja tu ndiye anayejua kusoma jinsi wapinzani walivyojipanga na kuita mpira uende kwa nani. Akitoka huyo, lainauti inakufa hata kama warukaji wote wamebaki.

Kwa klabu inayocheza kila wiki, hesabu yangu inakaribia watu 38: mapropu sita, mahuka watatu, maloku watano, maflanka na namba nane saba kwa jumla, namba 9 watatu, namba 10 watatu, masenta watano, na sita wa kucheza winga na fulbeki (namba 15). Klabu ndogo inaweza kuishi na 30 ikiwa imewafundisha watu wake nafasi mbilimbili. Kwa kulinganisha, Kombe la Dunia la 2023 liliruhusu 33 kwa kila nchi, lakini wale walikuwa na ruhusa ya kuleta mtu mwingine badala ya aliyeumia.

Hatua ya 3: Panga benchi kwa watu ulio nao

Benchi la watu wanane kwa kawaida lina mafowadi watano na mabeki (namba 9 hadi 15) watatu. Afrika Kusini walishinda fainali ya Kombe la Dunia ya 2019 dhidi ya Uingereza, 32 kwa 12, wakiwa na mafowadi sita na mabeki wawili. Mwaka 2023 wakaenda mbali zaidi: saba kwa mmoja. Tangu hapo nimeona klabu nyingi zikiiga bila kujiuliza kilichowezesha mpango ule.

Itazame fainali ya 2023 kwa makini, kwa sababu ndani yake kuna somo zima la kikosi. Huka wao Malcolm Marx aliumia goti mapema katika mashindano. Badala ya kumwita huka mwingine, walimwita Handré Pollard, flai-hafu na mpigaji wa penalti. Maana yake walibaki na huka mmoja wa kweli, Bongi Mbonambi, na nyuma yake Deon Fourie, flanka aliyewahi kucheza huka miaka ya nyuma. Kwenye fainali Mbonambi akaumia dakika za mwanzo kabisa. Fourie akaingia na kucheza karibu mechi yote dhidi ya New Zealand. Lainauti yao iliyumba, lakini skramu haikuvunjika. Na pointi zote 12 za Afrika Kusini zilifungwa na mguu wa Pollard. Wakashinda 12 kwa 11.

Pande zote mbili za uamuzi ule zilionekana siku moja. Gharama ya kukosa huka wa pili ilikuwa kubwa, na faida ya kuwa na mpigaji ilikuwa kubwa zaidi kidogo. Walithubutu kwa sababu walikuwa na Fourie. Wewe una Fourie? Kama huna, usiguse nafasi ya huka. Na kabla ya kuweka beki mmoja benchini, jiulize nani atacheza namba 9 akiumia wa kwanza dakika ya tano, na nani atacheza 10. Kama majibu yote mawili ni jina lilelile, rudi kwenye tano kwa tatu.

Beki wa benchi mwenye thamani kubwa ni yule anayemudu 10 na 15, au 9 na winga. Fowadi wa benchi mwenye thamani kubwa ni anayecheza loku na flanka ya namba 6. Watu wa namna hii mara nyingi hawasifiwi, na wengi wao huondoka klabu wakiamini hawana nafasi yao. Waambie wazi, mbele ya wenzao, kwamba unawahesabu kwa nafasi mbili.

Hatua ya 4: Hamisha kabla hujasajili

Pengo likionekana, mkono wa kocha hukimbilia simu. Subiri kwanza. Kwenye jedwali lako, nafasi zilizojaa zina watu wanaokaa nje kila wiki, na baadhi yao wamezaliwa kwa nafasi nyingine. Flanka mfupi, mpana wa mabega, asiyeogopa kuingia chini, ni huka anayengoja kufundishwa. Namba nane mzito anayechelewa kufika kwenye raki (wachezaji wanaposukumana juu ya mpira ulio chini) anaweza kuwa propu wa kushoto. Senta aliyepungua mwendo lakini anajua kupiga mpira na kuongea anaweza kuwa 10 wa tatu.

Mazungumzo ya kwanza ndiyo magumu. Mchezaji atakuambia, "Kocha, mimi ni flanka." Anamaanisha hivyo, na jina hilo amelibeba miaka mingi. Usimbishie. Mwonyeshe jedwali: maflanka sita mbele yake, huka mmoja. Mwambie ni dakika ngapi atacheza akibaki alipo, na ngapi akijifunza kurusha. Kisha mpe wiki moja ya kufikiri. Anayekubali kwa hiari hujifunza haraka; aliyelazimishwa hurudi kulekule mechi ya kwanza mbaya.

Kwa mstari wa mbele, fundisha kwa ngazi na usiruke hata moja. Kwanza mkao wa mwili peke yake: mgongo ulionyooka, makalio chini, kichwa juu ya kiwango cha nyonga, shingo imara. Mazoezi ya shingo na mabega yaanze wiki nyingi kabla ya skramu yoyote ya kweli. Halafu mtu mmoja kwa mmoja, bila nguvu. Halafu mashine ya skramu. Halafu watatu kwa watatu, watano kwa watano, na mwisho wanane kwa wanane kwa nguvu inayopanda polepole, akiwa pembeni ya mtu mzoefu anayemwongoza kwa sauti. Ni kazi ya miezi. Anayesema anaweza kumtengeneza propu kwa wiki mbili anacheza na mwili wa mtu mwingine.

Tena usidhani propu ni propu. Wa kushoto, namba 1, ana bega moja tu linalokutana na mpinzani, na upande wake wa nje uko wazi. Wa kulia, namba 3, kichwa chake kinaingia katikati ya wapinzani wawili na anabeba uzito wa pande zote mbili. Ndiyo maana wa kulia ni adimu kila mahali, na ndiyo maana kumhamisha wa kushoto kwenda kulia katikati ya mechi eti kwa sababu "wote ni wanene" ni hatari. Ukitaka mtu wa pande zote mbili, mfundishe pande zote mbili mwanzo wa msimu.

Huka mpya ana shida nyingine: kurusha. Hakuna njia ya mkato. Arushe kila siku ya mazoezi, kabla na baada, kwenye alama iliyochorwa ukutani au kwenye nguzo ya goli, kisha kwa warukaji halisi akiwa amechoka. Mpira uliorushwa vizuri na mtu aliyepumzika hauthibitishi chochote kuhusu dakika ya 70.

Hatua ya 5: Watazame 9 na 10 kama jozi

Mwaka 2011 New Zealand waliingia Kombe la Dunia nyumbani kwao wakimtegemea Dan Carter kama flai-hafu. Akaumia kinena mazoezini wakati wa makundi. Colin Slade akachukua nafasi, naye akaumia kwenye robo fainali. Aaron Cruden akaumia goti ndani ya fainali yenyewe. Akaingia Stephen Donald, mtu wa nne, ambaye alipotafutwa kwa simu alikuwa mtoni anavua samaki. Kipindi cha pili alipiga penalti iliyoingia, na New Zealand wakaishinda Ufaransa 8 kwa 7.

Simulizi hilo husimuliwa kama bahati. Mimi naliona tofauti: nchi ile ilikuwa na mtu wa nne aliyecheza nafasi ile kwa miaka, aliyejua lugha ya timu, aliyewahi kupiga penalti mbele ya umati. Simu ilipopigwa, kazi ilikuwa imeshafanyika zamani.

Kwa klabu, jambo la kufanya ni kuzizungusha jozi mazoezini. 9 wa kwanza afanye kazi na 10 wa pili, na kinyume chake, kila wiki. Usiwaache wa akiba wacheze na wa akiba tu, maana siku ya mechi hawataingia pamoja. Na mpigaji wa penalti wa pili apige akiwa amevaa jezi kwenye mechi za kirafiki.

Hatua ya 6: Andika mahitaji kabla ya jina

Sasa umebaki na mapengo ambayo watu wa ndani hawawezi kuyaziba. Kwa kila pengo andika nusu ukurasa: nafasi gani, ataanza au atakaa benchi, kazi tatu ambazo lazima azimudu, nafasi ya pili anayopaswa kuifunika, na atapatikana wiki ngapi za msimu. Hapo ndipo majina yaruhusiwe kutajwa. Klabu inayoanza na jina huishia kumsajili winga wa nne kwa sababu alifunga trai nzuri iliyosambaa kwenye simu za watu.

Pa kutafuta ni karibu kuliko unavyodhani. Timu yako ya pili kwanza. Kisha wachezaji walioacha raga kwa sababu ya masomo au kazi na bado wana afya. Simu moja ya heshima huwarudisha wengi. Kisha michezo mingine. Wapiganaji wa mieleka na judo wanajua kukaa chini na kumshika mtu, na mara nyingi wanageuka kuwa mapropu, mahuka na maflanka wazuri. Warukaji wa voliboli na kikapu wanafaa lainauti. Makipa wa soka wanasoma mpira wa juu, kitu ambacho fulbeki anakihitaji kuliko mbio. Timu za wanawake zimejengwa kwa njia hii mahali pengi, kwa sababu wasichana wengi hukutana na raga wakiwa watu wazima.

Mkimbiaji wa mbio fupi ni kishawishi kikubwa. Carlin Isles wa Marekani alitoka kwenye riadha akawa tishio katika raga ya wachezaji saba. Lakini katika raga ya 15 winga anatakiwa pia kujua asimame wapi mpira ukiwa upande wa pili wa uwanja, na hilo huchukua muda. Msajili kama mradi wa msimu ujao na umwandike "bado".

Hatua ya 7: Mpime kwa macho yako

Usisajili kwa video ya matukio bora. Tazama mechi nzima, na ukiweza mbili, moja iwe ambayo timu yake ilifungwa. Uache mpira, mwangalie yeye. Baada ya kukaba, anainuka kwa sekunde ngapi? Akipoteza mpira, anafanya nini hatua tano zinazofuata? Dakika ya 65 anatembea kwenda kwenye raki au anakimbia? Propu mwangalie kwenye skramu ya saba na ya nane, si ya kwanza. Namba 9 msikilize kama unaweza kukaa karibu na mstari: mwenye thamani haachi kuongea.

Kisha ongea na watu waliocheza naye. Swali langu ni moja: ungependa acheze upande wako tena? Watu hujibu kwa sauti kabla hawajajibu kwa maneno.

Historia ya afya iulizwe waziwazi: mabega, magoti, shingo, na mara ngapi amepata mtikisiko wa ubongo. Mweleze kwamba humuulizi ili umkatae, unauliza ili umlinde. Akificha na akaumia, mtabeba wote wawili.

Hatua ya 8: Makaratasi, fedha na ahadi

Hapa niseme kwa ufupi. Angalia tarehe ya mwisho ya usajili, adhabu za nidhamu ambazo hajamaliza, na kibali cha kutoka klabu ya zamani. Akitoka nchi nyingine, chama cha raga cha kule lazima kitoe ruhusa. Anza mapema, barua hizi huchelewa. Mchezaji wa timu ya taifa ana siku zake za kuitwa, na kanuni za World Rugby zinaitaka klabu imwachie katika vipindi rasmi vya kimataifa. Hesabu wiki atakazobaki nawe kabla hujafurahia jina lake.

Kwenye mishahara, usitumie fedha ambazo bado hazijaingia. Uingereza, klabu ya Saracens ilikatwa pointi 35 msimu wa 2019/20 kwa kuvuka kikomo cha mishahara na mwishowe ikashushwa daraja. Klabu za Worcester na Wasps ziliporomoka kifedha mwaka 2022, London Irish ikafuata 2023, na wachezaji wakajikuta bila klabu katikati ya maisha yao ya kazi. Mikataba nayo ipishanishe: mapropu wako wawili wa kulia wasimalize mwaka mmoja.

Kamwe usimwahidi mtu jezi. Mwahidi mambo yaliyo mikononi mwako: mazoezi ya nafasi yake, majibu ya kweli, na dakika katika mechi ulizozitaja. Ukiahidi namba 10 kwa mgeni, ujue wenyeji watasikia kabla hajafika.

Hatua ya 9: Wape dakika

Mchezaji wa akiba asiyecheza hubaki kuwa jina tu. Tengeneza jedwali la dakika na ulisasishe kila baada ya mechi, timu ya kwanza na ya pili pamoja. Kila aliyeandikwa "wa pili" apate angalau nusu ya mechi ya ushindani ndani ya kila wiki tatu, mahali popote. Mtu wa tatu acheze mechi nzima na timu ya pili, katika nafasi ileile unayomhesabia. Hapa ndipo makocha wa timu ya pili huharibu bila kukusudia: wanamwona huka wako wa tatu ana mbio, wanampanga flanka, na miezi inapita bila yeye kurusha hata lainauti moja. Kubalianeni mapema, na kwa maandishi.

Miito ya lainauti na mipango ya mashambulizi iwe ileile kwa timu zote mbili. Mgeni apewe miito wiki ya kwanza, na apewe mwenzake mmoja wa kumsomesha. Nimeona wachezaji wazuri wakilaumiwa kuwa wazito wa akili, kumbe hakuna aliyewaelekeza nini maana ya neno lililoitwa.

Anayeachwa nje ya 23 aambiwe na kocha mwenyewe kabla orodha haijatoka, uso kwa uso au kwa simu, na sababu iwe ya kazi: "Mirusho yako ya nyuma ya lainauti bado haifiki. Jumanne na Alhamisi tutabaki dakika kumi na tano." Hilo analiweza. "Endelea kujituma" halimsaidii, na atakayeondoka mwisho wa msimu kwa sababu hiyo ni yule mtu wa tatu uliyemlea kwa taabu.

Hatua ya 10: Siku namba zikikosa kutimia

Itatokea hata ukipanga vizuri. Ijumaa jioni propu wako wa pili anapiga simu ana homa, na wa tatu yuko safarini. Punguza kwanza ukubwa wa kikosi: ukishuka kutoka 23 hadi 22, sheria inataka watano wa mstari wa mbele, ukishuka hadi 18, wanne. Kupoteza wachezaji wa benchi kunauma, lakini ni halali na ni salama. Ikishindikana, mpigie kocha wa wapinzani na mwarifu mwamuzi kabla ya mechi kwamba skramu hazitakuwa na ushindani, na uulize kanuni za ligi zinasemaje kuhusu pointi.

Usimvalishe loku jezi namba 3 na kumwambia ajishikilie. Mwamuzi akikuuliza kama mtu huyo amefundishwa, jibu lako linabeba shingo yake. Jumatatu asubuhi fungua jedwali, futa neno "leo" mbele ya majina yasiyostahili, na uanze tena kumtafuta propu wa kulia wa tatu.